Viatu vya Mume wa Namba Nne

Majirani walimwita Bi Redio, naye hakuchukia. Redio gani nyingine, aliuliza, inatoa habari bila betri na bila matangazo ya sabuni? Nyumba yake ya wageni ilikuwa na vyumba sita na kibaraza kisichojua upweke. Alasiri ikifika ungemkuta pale fundi cherehani na gauni la mtu mapajani, mwenye duka aliyefunga duka "dakika tano tu" tangu saa nane, na madereva wa boti za kutembeza wageni, waliokuwa wakisubiri wateja. Chai haikukauka. Na maneno ndiyo usiseme.

Kulikuwa na kitu kimoja alichojivunia kuliko hata shuka zake: wanawake waliofika kisiwani peke yao walilala kwake. Aliwapokea gatini mwenyewe, akawapokonya mizigo, akawaambia, "Mwanangu, kwangu umefika. Hapa hata nzi dume hapiti bila kuniaga." Hiyo ya nzi aliipenda sana. Hakuna mgeni aliyeikosa.

Mgeni wa chumba namba nne naye aliipata, akacheka kwa adabu. Alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, begi mgongoni, pete kidoleni. Akijaza kitabu cha wageni alisema mumewe yuko kisiwani tayari, fundi wa umeme, ana kazi upande wa pili. Atakuwa akitoka alfajiri na kurudi usiku. "Kwa hiyo msishangae mkikosa kumwona." Kisha akaenda chumbani, na nje ya mlango akapanga viatu vya kiume vya wazi, vya ngozi, vikubwa kama mitumbwi.

Siku ya kwanza Bi Redio aliamini. Siku ya pili akafagia ukumbi, akavinyanyua viatu vile apitishe ufagio, akaona soli zake safi kama sahani ya kabatini. Kibandiko cha bei bado kilikuwapo. Alipoingia kubadilisha shuka, akakuta mto mmoja una shimo la kichwa na mwingine umevimba vile vile alivyouacha. Taulo moja mbichi, moja kavu. Mambo ya chumba anayeyajua ni mfua shuka. Bi Redio akasimama katikati ya chumba na foronya mkononi, akacheka peke yake.

Mwenye busara angerudisha viatu mahali pake na kumeza mate. Lakini habari ikimkaa Bi Redio tumboni ilimsokota kama njaa.

"Jamani, leo ninayo," alisema alasiri ile akimimina chai.

"Mwaga, mama, sisi tumekaa," alisema fundi cherehani, sindano mdomoni.

"Namba nne hana mume."

"Si fundi umeme?"

"Fundi wa nini! Viatu vyake vina bei mpaka leo. Mume gani huyo, hata chooni haendi?"

"Labda anaruka," alisema mwenye duka.

Kibaraza kikalipuka. Fundi cherehani ilibidi atoe sindano asije akaimeza. Na Bi Redio akishachekesha watu huwa kama moto uliotiwa kuni. Hakujua kukomea pale. Akasimama, mkono kiunoni, akasema, "Viatu vipo, mume ndiye hayupo. Basi atakayevivaa vikamtosha, huyo ndiye shemeji yetu!"

Watu walilia kwa kicheko. Dereva mmoja wa boti, waliyemwita Tabasamu kwa meno yake, aliuliza, "Saizi gani, mama?"

"Arobaini na nne."

Tabasamu akaitazama miguu yake, akainyoosha mbele kila mtu aione. Wakacheka upya.

Kesho yake saa tisa, jua likiwa la kupasua kichwa, Bi Redio alikwenda kwa fundi cherehani kujaribu gauni. Alisema hakawii wala haketi. Akaketi. Saa nzima ilipita wakimjadili binamu wa mtu. Aliporudi, kibaraza kilikuwa kitupu na nyumba kimya, isipokuwa ukumbini, mtu alikuwa akigonga mlango, polepole, kama mwenye kwake.

Tabasamu alikuwa ameegemea mlango wa namba nne. Miguuni alivaa vile viatu.

"Mke wangu, fungua basi," alikuwa akisema kwa sauti ya kubembeleza. "Mumeo nimewahi kurudi leo. Unaniacha nje kama mbwa?"

Ndani, kitanda kilisikika kikiburutwa sakafuni kuja mlangoni.

"We! Unafanya nini hapo?"

Tabasamu aligeuka wala hakushtuka. Alinyanyua mguu mmoja, akauonyesha. "Vimenitosha, mama. Si ulisema mwenyewe?"

Bi Redio alitamani ardhi ipasuke. Maneno yale jana yalikuwa yake, matamu, yakinukia chai. Leo yalimrudia kutoka mdomo mwingine, nayo yalikuwa yananuka. Alinyakua ufagio, akampiga nao mgongoni, begani, popote. Tabasamu alivua viatu taratibu, akavipanga vizuri mlangoni, akatoka pekupeku. "Utani tu, mama. Siku hizi hupendi utani?"

Ilichukua muda mgeni kufungua. Alikuwa ameshika pasi kwa mkono wenye pete.

"Amejuaje?" aliuliza. "Mama, amejuaje kama niko peke yangu?"

"Hawa wanaume wa gatini, mwanangu, wana macho ya kunguru."

Uongo ulimtoka mwepesi, hata hakuutafuta. Mgeni akaweka pasi chini, akamkumbatia, akalia begani mwake. "Bila wewe sijui ingekuwaje." Bi Redio alimpigapiga mgongoni, macho yake kwenye kile kibandiko cha bei.

Mgeni alitaka kwenda polisi, na shahidi ni Bi Redio. Njiani alimshika mkono kama anavyoshikwa mama. "Tuna kundi letu kwenye simu," alisema, "wanawake tunaosafiri wenyewe. Tuko zaidi ya mia tatu. Nitawaandikia leo leo, wakija huku wasilale kwingine ila kwako."

Siku nyingine yoyote Bi Redio angepiga vigelegele pale barabarani. Sasa alihesabu moyoni: mia tatu, kila mmoja na uongo wake mdogo wa kujikinga, kila mmoja akija kuuweka mbele ya ufagio wake.

Kituoni walipokewa na askari wa kike, mkimya, mwenye mwandiko wa polepole. Aliandika kugonga, akaandika viatu, akaandika kitanda. Kisha akainua macho. "Alijuaje kwamba huna mtu chumbani?"

"Sijui," alisema mgeni. "Hakuna niliyemwambia."

Kalamu ilisubiri. Bi Redio aliitazama ncha yake.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe ndiye uliyemtuma?"

"Sikumtuma. Nilisema. Kibarazani, mbele ya watu. Nilikuwa nachekesha."

"Ulisema nini? Sema vile vile ulivyosema, niandike."

Ikabidi autoe ule mzaha, neno moja moja, akisubiri mwandiko. "Atakayevivaa…"

"Atakayevivaa," alirudia askari akiandika. "Endelea."

"Vikamtosha…"

"Vikamtosha."

"Huyo ndiye shemeji yetu."

Hakuna aliyecheka. Askari alimsomea tena sentensi nzima, kwa sauti kavu ya kazini, akamuuliza kama ndivyo. Bi Redio akasema ndivyo, akaweka sahihi.

Mgeni hakumfokea, na angemfokea ingekuwa nafuu. Aliuachia mkono wake tu. "Nilinunua vikubwa makusudi," alisema baadaye, kama anajisemea, "ili mtu wa nje aogope. Wa ndani sikumfikiria."

Aliondoka na boti ya asubuhi. Bi Redio alinyoosha mkono ambebee begi mpaka gatini. Mgeni akalivaa mwenyewe. Viatu aliviacha mlangoni.

Tabasamu alilala mahabusu siku mbili, na chama cha maboti kikamzuia kubeba wageni msimu mzima. Aliendelea kusema ni utani. Kibarazani walipouliza imekuwaje, Bi Redio alisema, "Tulicheka wote, lakini mdomo ulikuwa wangu." Akakusanya vikombe kabla ya wakati wake. Kibandiko alikibandua kwa ukucha. Viatu akavivaa yeye, kufulia, kumwagia bustani, kwenda dukani, miguu ikielea ndani kama mtoto aliyeiba viatu vya baba yake. Waliomcheka hakuwajibu.

Wiki sita baadaye alikuwa gatini kama kawaida. Mwanamke mmoja alishuka, peke yake, akamsogelea akitazama simu.

"Samahani, mama. Natafuta pa kulala. Ila nimeonywa kuna nyumba moja hapa, mwenyewe ana mdomo. Sijui unaifahamu?"

Uso ulimshuka Bi Redio. Angeweza kuonyesha nyumba yoyote nyingine kwa kidole.

"Naifahamu. Ni ya kwangu."

Yule mwanamke akaishusha simu.

"Twende nikupeleke kwingine," alisema Bi Redio. "Kuna mama mmoja pale nyuma ya shule. Mshindani wangu. Hasemi na mtu, hata salamu anaitoa kwa kipimo." Akavua viatu palepale, akavikung'uta mchanga, akampa. "Weka nje ya mlango. Jioni uvilowanishe kama vya aliyetoka kuoga, asubuhi uvigeuze kama vya aliyetoka na kurudi. Vimeshatembea, hakuna atakayeuliza."

Alirudi pekupeku, jua likimuunguza nyayo. Mwenye duka alikuwa tayari kibarazani, chai mkononi.

"Nimekuona na mgeni gatini, Bi Redio. Yuko na mtu au peke yake? Umempeleka wapi?"

Bi Redio aliketi, akafuta mchanga miguuni kwa upindo wa kanga.

"Mgeni gani?" alisema.