Sauti ya Nesi Mwatumu

Nesi Mwatumu alikuja Kasulu mwaka 2012 akitokea Pangani, na miezi mitatu ya kwanza alilalamikia vitu viwili tu: baridi na Jumamosi. Baridi aliikomesha kwa kuvaa sweta mbili. Jumamosi hakujua aifanyie nini, kwa hiyo nikamshawishi ajiunge na kwaya.

Haikuwa kwaya ya kanisa. Ilikuwa Kwaya ya Watumishi, ambayo kazi yake ilikuwa kuimba Mei Mosi na kila alipokuja mgeni mkubwa wa serikali. Tulikuwa kumi na wanane: walimu, manesi, bwana mifugo mmoja, na mimi Kezia, mkunga wa wodi moja na Mwatumu. Tuliimba kuhusu chanjo, kuhusu miche ya miti, na kuhusu choo. Wimbo wa choo ndio uliotupa jina. Mwalimu wetu Pasikali, aliyekuwa akifundisha chuo cha ualimu, aliutunga mwenyewe kwa sauti nne, na ukiusikia kwa mbali bila kushika maneno ungedhani ni Pasaka.

Siku ya kwanza Mwatumu alipofungua kinywa, bwana mifugo aligeuka kutazama dirishani, akidhani kuna mnyama ameumia. Nampenda yule dada, lakini sitamsingizia uzuri. Sauti yake ilikuwa kama bati linaloburutwa kwenye changarawe, na alikuwa nayo nyingi.

Baada ya mazoezi Pasikali, ambaye ni mtu mpole, alimwita pembeni. Nilikuwepo.

"Dada Mwatumu," alisema, "una uso mzuri sana wa kuimba."

"Ahsante, mwalimu."

"Naomba tuutumie huo uso. Sauti tuipunguze."

"Tuipunguze kiasi gani?"

"Yote."

Nilidhani atalia, au atamtukana. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema hata kwao madrasa walimwambia hivyo kwenye kaswida, alipokuwa na miaka tisa, ila wao hawakumpa nafasi ya uso. Tangu siku hiyo akawa anasimama katikati ya mstari wa mbele, kati yangu na Recho wa masjala, akifungua mdomo, akiyumba, akifumba macho kwenye sauti za juu, na haitoki hata pumzi. Cha ajabu ni kwamba alifurahi kuliko sisi tulioimba. Aliniambia ukisimama katikati ya watu wanaoimba, sauti zao zinakupita kifuani hata kama yako haimo.

Mwaka uliofuata, siku chache kabla ya Mei Mosi, wakaja watu wa televisheni kutoka Dar. Walikuwa na kipindi cha kuzunguka mikoani kutafuta kwaya za watu wa kawaida, wapishi, makarani, askari, wanaoimba kwa kupenda tu. Mpiga picha wao, Saidi, alivaa kaptula, na sokoni heshima yake iliisha asubuhi ile ile. Siku mbili alituzungusha. Akataka tuimbe huku tunapanda kilima, jambo ambalo mtu mwenye akili zake halifanyi. Tukapanda. Bwana mifugo alitapika kwenye ubeti wa pili.

Kipindi kilirushwa Jumapili moja ya Juni, saa kumi jioni. Tulijazana kwenye hoteli ya Dadi pale stendi, ambako watu wamezoea kuangalia mpira, kwa hiyo waliitazama kwaya kama mpira: walibishana, na mmoja akadai tenor alikuwa ameotea. Mimi nilijiona mara mbili, moja ikiwa kisogo. Pasikali alionekana mkono. Kilichobaki chote kilikuwa Mwatumu. Mwatumu kafumba macho. Mwatumu katabasamu. Mwatumu chozi linamshuka kwenye neno "shimo". Mtangazaji akanong'ona kwamba hii ndiyo sauti ya nyanda za juu za Kigoma.

Pasikali aliagiza soda na hakuinywa.

"Mwalimu," Mwatumu akamwambia, "uso umefanya kazi."

Kuanzia kesho yake hakupita mtaani akasalimika. Madereva wa bodaboda walisimama wenyewe bila kusimamishwa. Aliombwa aimbe kwenye harusi tatu na uzinduzi wa kisima. Wote aliwaambia koo linamuuma, na koo hilo liliuma wiki tatu mfululizo, mpaka daktari akataka kulichunguza.

Ndipo akaja Ndayikunda. Aliletwa kutoka kijiji cha Makere Alhamisi mchana, uchungu umekolea, mimba ya tatu. Alikuwa muuza maharage, mtoto wa familia iliyotoka Burundi zamani, na mdomo wake haukuwa na likizo. Alipomwona Mwatumu akamnyooshea kidole.

"Wewe si yule wa choo?"

"Ndiye mimi, mama. Vuta pumzi."

"Sivuti. Imba kwanza."

"Koo linaniuma."

"Linauma kuliko huku?"

 Mwatumu akanitazama. Nikatikisa kichwa kumkataza. Akafumba macho, akaanza wimbo wa choo, ubeti wa kwanza, kwa sauti yote aliyoifungia mwaka mzima.

Ndayikunda alijiinua kwa kiwiko. Akamkazia macho.

"Ni wewe kweli?"

"Ego, ndiye," Mwatumu akajibu kwa Kiha chake cha kuombea chumvi, akaendelea.

Yule mama akaanza kucheka, kicheko kikakutana na uchungu njiani, akawa analia na kucheka kwa pamoja. Mama wa kitanda cha pili akasema kama wimbo huu ni lazima uimbwe, basi uimbwe vizuri, akaudaka. Wa tatu akaingia. Maneno waliyajua wote, Kasulu nzima ilikuwa inayajua. Mimi nikaweka sauti ya pili. Mwatumu hakuacha, na sasa haikujalisha tena, maana bati lake lilifunikwa na sauti za wenzake. Kwenye kiitikio wodi nzima, wenye dripu na wasio na dripu, ilikuwa inachimba shimo la futi kumi, na hapo hapo Ndayikunda akasukuma. Mtoto wa kike, kilo tatu na nusu.

Habari zilimfikia Pasikali kabla kondo la nyuma halijatoka.

Jumamosi alikuja mazoezini amekunja uso. Mwatumu akamwahi.

"Mwalimu, mimi sasa naimba."

"Unaimba wapi?"

"Kwenye kiitikio. Beti nawaachia wenyewe."

Pasikali aliuhesabu mstari wa nyuma kwa kidole. Kisha akamhamishia nyuma, katikati ya wanaume sita wa besi, akatuambia wengine tuongeze nguvu. Tukaongeza. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Pasikali aliacha kupunga mikono, akaimba na yeye. Hatukuwa wazuri. Bwana mifugo alisema tumeharibika kabisa, lakini hakuondoka, na tulipochoka na kukaa chini, saa ya kumaliza ilikuwa imeshapita na hakuna aliyekuwa ameitazama.

Wiki iliyofuata walikuja watu saba wapya, Dadi wa hotelini akiwemo, kuuliza kama wasiojua kuimba wanaruhusiwa. Pasikali alivuta kiti, akaketi, akaanza kuwaandika majina.