Papa Kontrole Bado Anakula

Asubuhi ya siku ya soko, ambulansi ya kituo cha afya cha Wamaza ilipitwa na mwanamke aliyebeba kikapu cha muhogo. Mwanamke huyo alimsalimu dereva, akamuuliza habari za nyumbani, akajibiwa, akaendelea mbele. Nyuma yake alikuja mwingine, mwenye kuku. Naye akapita.

Dereva, Nathanaël, alikuwa amekanyaga mafuta hadi mwisho. Gari halikuwa bovu. Lilikuwa jipya kuliko gari lolote kati ya Kasongo na Kabambare, jeupe, zawadi ya shirika moja la ng'ambo, na viti vyake bado vilinukia plastiki. Lakini kando ya tangi la mafuta lilikuwa na tangi dogo la maji ya buluu, yale yanayosafisha moshi kabla haujatoka, na maji hayo yalikuwa yamekwisha. Kasongo hayauzwi. Salamabila, ambako mtu hupata dhahabu, simu na bia baridi, hayauzwi pia. Yalipokwisha, gari liliamua kutembea kama mtu. Kwenye kioo kidogo mbele ya usukani yalitokea maneno ya Kifaransa yaliyomtaka dereva aende kwa fundi aliyeidhinishwa. Fundi wa karibu zaidi alikuwa upande wa pili wa nchi, mahali pa kufika kwa ndege.

Nathanaël angevumilia, kama si Nsimire. Mke wake alikuwa na mimba iliyokomaa. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa, katika hospitali ya Kasongo, na daktari alisema wazi kwamba wa pili naye azaliwe mezani kwake, tena wasichelewe. Nsimire alipaswa kuhamia mapema kwa shangazi yake Kasongo, lakini mvua ilibomoa daraja. Daraja lilipotengenezwa, maji ya buluu yakawa yamekwisha. Pikipiki ilikataliwa na Léocadie, muuguzi wa kituo, kwa sababu barabara ile hurusha hata gunia la mchele.

Basi wakamwita Clovis.

Clovis alikuja kutoka Salamabila kwa pikipiki, kompyuta yake ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki kifuani, kama mtu anayebeba kitoto. Kazi yake ilikuwa kuyaongezea nguvu magari ya wafanyabiashara wa dhahabu. Kwa kawaida aliingia ndani ya akili ya gari, akabadilisha kidogo hapa na pale, akakata kichujio cha moshi, na gari likapanda mlima likitoa wingu jeusi. Wateja walifurahi. Siku hizi, hata hivyo, alikuwa akirudisha magari mengi bila kuyagusa.

Alifungua boneti, akaacha injini ikinguruma, akachomeka waya. Kompyuta ikamwambia kwamba haruhusiwi.

"Zile za zamani zilikuwa kama nyumba ya mjomba," alimwambia Nathanaël. "Unaingia tu, unakuta sufuria. Hii wamefunga mpaka dirisha."

"Jaribu tena, kaka."

"Nikijaribu sana itakufa kabisa. Utabaki na kabati nyeupe yenye magurudumu."

Alijaribu tena hata hivyo. Kisha akatoa msumeno wa chuma ili aanze na kichujio, na kwa hasira akakigonga kwa mpini kile kisanduku cheusi kando ya injini, ambamo akili ya gari hukaa. Kutoka ndani mtu alikohoa.

Léocadie alikuwa amesimama hapo na beseni la nguo za wodini. "We Clovis," alisema, "unagonga kwa watu hivyo hivyo? Hata hodi?" Akaweka beseni chini, akainamia injini. "Hodi hapa."

"Karibu," sauti ikajibu.

Kisanduku kikafunguka kwa ndani. Akatokea mwanamume mwenye urefu wa chupa ya bia, amevaa koti zito la buluu na miwani, na beji kifuani. Alifuta vumbi kwenye viatu, akawasalimu mmoja mmoja kwa mkono. Wao walimpa kidole.

"Kumbe," alisema Clovis. "Ndiyo maana."

"Mimi ni wa kontrole," mtu yule alisema. "Naangalia moshi."

"Papa Kontrole," Nathanaël akasema, "mke wangu iko karibu kuzaa. Tufungulie."

"Ufunguo sina. Mlango wangu naufungua, lakini nguvu ya gari waliifunga wao. Ufunguo uko kiwandani."

Akawaeleza, bila haraka, kwamba katika mji alikotoka watoto walikuwa wakikohoa usiku kucha kwa sababu ya magari. Watu wakatunga sheria, na sheria ilikuwa nzuri. Yeye na wenzake wakapewa kazi, kila mmoja na gari lake.

"Na yale magari ya moshi yaliyofukuzwa kwenu," Clovis akauliza, "yalienda wapi?"

Papa Kontrole alitazama viatu vyake.

"Huku," akasema.

Halafu Léocadie akamuuliza amekula lini mara ya mwisho. Papa Kontrole hakukumbuka. Huko kiwandani hawakumpa kitu, na njiani, ndani ya meli, hakuna aliyebisha hodi.

"Na nyinyi munamuuliza mambo ya ufunguo!" Léocadie alisema. "Mutu iko na njaa tangu Ulaya."

Pale Wamaza mgeni haulizwi shida yake kabla hajala, na haruhusiwi kula akiwa amesimama. Walitandika mkeka chini ya paa la kituo. Léocadie alileta bugali, sombe ya majani ya muhogo, na kipande cha samaki mkavu wa Nyangwe. Papa Kontrole alivua koti, akanawa, akashuka kutoka kwenye injini kwa kushikilia waya wa Clovis.

Alipotia tonge la kwanza mdomoni, injini ikabadilisha sauti. Taa ya manjano ya onyo mbele ya usukani ikazimika. Nathanaël alikimbilia usukani, akakanyaga mafuta kidogo, na gari likaitika kama siku lilipofika.

"Nikiwa kwenye chakula siko kazini," Papa Kontrole alieleza. "Sheria inaniruhusu kula. Walioiandika hawakufikiri kama kuna mtu atanipa chakula."

"Na ukimaliza?"

"Narudi ndani, nafunga."

Clovis alianza kucheka, akaishia katikati. Kwenye mlango wa kituo alisimama Nsimire, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukutani. Miguu yake ilikuwa imelowa.

Hapo hapakuwa na mjadala. Walimlaza Nsimire nyuma. Léocadie alipanda naye, akampakata Papa Kontrole pamoja na sahani yake. Clovis alitangulia kwa pikipiki. Alikuwa na kazi moja tu: kufika kila kijiji kabla ya gari na kuwaambia wanawake kwamba kuna mgeni anapita na hajashiba.

Wanawake wa barabara ile walilijua gari lile. Walikuwa wamelipita mara nyingi na vikapu vyao. Sasa walisimama pembeni na vyungu. Nathanaël alipunguza mwendo tu, bila kusimama, na kupitia dirishani ziliingia ndizi za kuchoma, karanga, mahindi, mboga za matembele na vipande vya nguruwe. Mmoja alikimbia na bakuli zima la wali.

"Mama, nimeshiba," Papa Kontrole alisema kwenye kijiji cha maduka mawili.

"Papa, huyu mama amepika juu yako," Léocadie akajibu. "Unataka alie?"

Akala. Kupitia dirisha la nyuma aliona moshi uliokuwa ukitoka nyuma ya gari bila mtu wa kuuangalia, na macho yake yakajaa machozi nyuma ya miwani. Watoto wa njiani walikuwa wakiupungia mkono.

"Kichujio," alisema huku akitafuna, "yule kijana asikikate. Akioshe tu kwa maji."

"Nitamwambia."

Nyuma, Nsimire alipiga kelele, halafu akauliza wamefika wapi. "Karibu," Nathanaël alijibu kila mara. Kila mara haikuwa kweli, mpaka ikawa kweli.

Kwenye mteremko wa kuingilia Kasongo, chakula chote kilikuwa kimekwisha isipokuwa ndizi moja. Papa Kontrole aliila kidogo kidogo, akiacha kila kipande kiyeyuke. Langoni pa hospitali alikuwa bado na kipande cha mwisho kati ya vidole, akikitazama. Alikimeza walipokwisha kumshusha Nsimire. Akarudi ndani ya kisanduku chake, taa ya manjano ikawaka, na injini ikarudia sauti yake ya unyonge.

Mtoto alikuwa msichana. Alilia kwa nguvu, na mama yake alifungua macho jioni hiyohiyo, akaomba chai. Wakampa mtoto jina la Léocadie.

Clovis alikiosha kichujio pale pale uani, kwa ndoo tatu za maji ya bomba. Maji yalitoka meusi, kisha ya kijivu. Msumeno aliurudisha kwenye mfuko. Ufunguo ulibaki kiwandani, na maji ya buluu hayajafika Kasongo hadi leo. Kila asubuhi kioo kidogo humtaka Nathanaël aende kwa fundi aliyeidhinishwa. Yeye hujibu, "Ndiyo, Papa," na huko barazani Léocadie huwasha jiko, kwa kuwa hakuna ajuaye ni saa ngapi mgonjwa ataletwa na Papa Kontrole atahitaji kulishwa.

Siku ile, kabla ya kurudi Wamaza, Léocadie alipita nyuma ya hospitali, ambako magari mengine mawili ya msaada yalikuwa yameegeshwa, meupe, mapya, majani yamefika milangoni. Nyaya zao zilikuwa nzima. Alisimama akisikiliza. Akajifuta mikono kwenye kitenge, akainama karibu na boneti la gari la kwanza.

"Hodi," akasema. "Humu ndani munakula nini?"