Karatasi Haina Mulima

Bureau ya quartier, ofisi ya mutaa, ilibandika karatasi kwa ukuta: kinga zote, baiskeli za kubeba muzigo, zitoke kwa barabara kubwa ya Butembo, sababu malori inagonga batu. Kwa hiyo nilisema aksanti. Lakini njia mupya yenye balituchagulia ni ile inapanda nyuma ya kisima, na mukwe wangu Kaswera anasukuma ndizi kwa kinga kutoka Vuhovi. Mwaka jana, kwa mupando ule ule, muzigo ulimuvuta nyuma mpaka ndani ya mufereji. Alilala wiki tatu.

Nilifika kwa bureau naye, kinga na ndizi yake, na bamama wengine wa kinga nyuma yetu.

"Njia hii njo fupi," alisema Ézéchiel, mwenye aliichora. Shati nyeupe, bic tatu kwa mufuko, viatu vya ngozi.

"Ni fupi kwa karatasi, mutoto yangu. Karatasi haina mulima."

"Mukaka," aliniita, kama vile nyanya yake, "ulisoma mpaka wapi?"

"Ya tano primaire. Na wewe, uliipima na miguu ao na bic?"

Bamama benye kinga balicheka.

Njia muzuri iko, batu yote wanaijua: avenue ya nyuma ya depot ya Melchior. Imelala kama mukeka. Lakini Melchior aliifunga na barrière, kizuizi cha chuma, anaoshea malori yake pale. Avenue ni ya batu yote, barrière ni ya Melchior, na kwa bureau hakuna mwenye kumuambia.

"Basi sukuma," nilimuambia Ézéchiel.

Hakuweza kukataa mbele ya bamama. Kaswera akamupa kinga: mikungu mbili huku, mbili kule, moja juu. Alienda muzuri mpaka pale maji ya mvua ilikata udongo mwekundu. Kinga ikaanza kurudi. Haina freins, breki yake ni mugongo ya Kaswera. Tulimushika sisi wawili. Kiatu kimoja kilibaki ndani ya matope.

Alihema, alihema. "Una haki, mukaka. Lakini karatasi imeisha kupigwa cachet, muhuri ya bureau."

"Basi cachet ije isukume."

Tukageuza kinga zote, tukaenda kwa Melchior. Siméon, sentinelle mwenye kulinda barrière, tunaimba naye kwa chorale.

"Kanyere, patron atanifukuza!"

"Muambie ni mimi niliinua. Jina unalijua."

Niliweka bega chini ya chuma, nikasimama. Ilikuwa nzito, na baridi ya asubuhi bado ndani yake. Kaswera alipita wa kwanza, kichwa chini. Halafu mama wa makala, mama wa viazi, yule wa sombe, majani ya muhogo, mwenye matairi inalia.

Melchior alitoka na sabuni bado kwa masikio.

"Nani alikupa ruhusa?"

"Shika upande huu kwanza, bega inauma. Halafu tuongee."

Hakushika. Akatoa telefone. "Naita polisi!"

"Ita," nilisema, na kinga zilikuwa zinapita tu kati yetu. "Ubaambie bapite huku. Kule juu inateleza."