Waya wa Bodi

Feni haikuzunguka. Mshale wa joto ulipanda mpaka kwenye wekundu, mume wangu akaniashiria nizime injini, nami nikazima. Maji ndani ya rejeta yalibaki yanatokota, na sisi wawili tumesimama tunayasikiliza.

Gari hilo alilinunua vipande vipande, akiwa bado mzima. Kwanza ilikuja chesisi ya mabomba ya chuma, kisha injini iliyotolewa kwenye gari la ajali, mwisho bodi ya faibaglasi iliyofungwa kwa mablanketi. Nilisema sana. Nilimuuliza, mtu aliyetengeneza umeme wa mabasi miaka thelathini ana wazimu gani wa kuunda gari baada ya kustaafu. Akanijibu kwamba mabasi yote yale yalikuwa ya watu.

Halafu kiharusi kikampiga, mkono wa kulia ukalala. Waliokuja kumjulia hali walimwambia, mmoja baada ya mwingine, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Niliwamiminia chai. Koleo linanunulika, mkono unauzwa duka gani?

Daktari alisema ni mkono tu, na hilo ndilo lililomsimamisha tena. "Kichwa kipo," alikuwa akijigonga paji la uso kila asubuhi. Kwenye gari ilikuwa imebaki feni peke yake. Alisema ataifunga mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na ikizunguka, basi Fundi Cheche, kama mtaa mzima unavyomwita, bado ni fundi. Isipozunguka, atafunga sanduku la vifaa na kukaa kitako kusubiri. Hakusema kusubiri nini, na mimi sikuwa mjinga wa kumuuliza.

"Tuanze upya," alisema. "Fyuzi?"

"Nzima. Umeitazama wewe, nimeitazama mimi."

Alinielekeza niziunganishe nyaya mbili za swichi ya joto, ile inayotakiwa kuiwasha feni maji yakichemka. Rilei, kile kiswichi kinachoipelekea feni umeme, ikagonga, tak, kama inavyotakiwa. Akaniambia nitoe nyaya mbili kwenye betri nizipeleke moja kwa moja kwenye feni. Feni ikavuma kwa nguvu, mtandio wangu ukaruka mpaka kwenye ndoo ya oili chafu.

"Rudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Sasa pima kama moto wa umeme unafika."

Nilibana mguu mmoja wa taa ya kupimia kwenye hasi ya betri, ncha nyingine nikaigusisha waya mwekundu wa feni. Taa ikawaka.

"Moto unafika," nikasema.

"Na feni nzima?"

"Muulize mtandio wangu."

Hakucheka. "Sasa kwa nini haizunguki?" akaniuliza. Miaka yote nimewasikia watu wakimuuliza yeye swali hilo. Sikuwahi kumsikia yeye akimuuliza mtu. Alilirudia siku nzima, mezani, bafuni, kitandani, na mimi nikamwonea huruma mpaka nikamkasirikia.

Asubuhi jirani alimpeleka zahanati kwa mazoezi ya mkono. Nikaingia gereji peke yangu. Mimi si fundi, lakini huwezi kulala na Fundi Cheche maisha yako yote usijue kwamba umeme ni mgeni: akishaingia lazima apate mlango wa kutokea. Mlango wa kuingilia tulikuwa tumeupima. Nikaufuata waya mweusi, wa kutokea, kwa kidole.

Ulikuwa umefungwa kwa bolti kwenye bodi, safi, umekazwa vizuri kwa mkono ule mmoja. Nikaigonga bodi, ikalia kama beseni la plastiki. Kwenye basi bodi ni chuma, na popote utakapofunga waya mweusi umeme utapata njia ya kurudi kwenye betri. Hapa alikuwa ameufunga kwenye faibaglasi, plastiki tu, isiyopitisha umeme.

Karibu nicheke. Kisha nikaziona nyaya nyeusi za taa, alizozifunga kabla ya kuugua. Zote zilishuka chini mpaka kwenye chesisi, kwenye chuma. Kwa hiyo aliwahi kulijua jambo hili, na sasa halijui. Nilikaa kwenye sakafu yenye oili na gauni langu zuri, nikalia.

Nilipomaliza kulia nikakata kipande cha waya kwa plaizi, nikakiunga, nikakishusha mpaka kwenye chesisi. Nilijikata kidole. Nikafuta damu, nikarudisha plaizi pale ilipokuwa.

"Tujaribu mara moja tu," nilimwambia aliporudi. Aliwasha mwenyewe. Mshale ukapanda, ukafika pale pale pa jana, na feni ikazunguka. Nilipiga kigelegele. Alicheka kwa upande wa uso unaoweza kucheka, akaipiga bodi makofi, akasema, "Inazunguka! Mama watoto, inazunguka!"

Lakini fundi ni fundi, lazima ajue sababu. Alizima injini, akachukua tochi, akainama.

"Waya huu nani kaushusha kwenye chesisi?"

"Wewe," nikasema. "Jana, nilipokuwa jikoni. Umesahau tu."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia hapo hapo. Alipeleka kidole kwenye bolti ya bodi, akakipeleka kwenye waya mpya, akakirudisha. Nilimwona akielewa kosa lake. Kisha nikamwona akitafuta kichwani ile jana niliyompa, na haikuwepo.

"Nilidhani mkono tu ndio umekwenda," alisema.

"Hapana, sikiliza. Ni mimi. Nimeufunga mimi leo, ulipokuwa zahanati. Nilidanganya."

"Usinibembeleze. Wewe plaizi umeishika lini?"

Nilimwonyesha kidole. Akakitazama, akakipuliza kama cha mtoto. "Kisu cha jikoni hicho," akasema. "Kuwa mwangalifu." Akaichukua plaizi, akaniwekea kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa mkono wake mzima.

"Weka sandukuni. Ufunguo uufiche mahali nisipopajua, nisije nikaunguza nyumba."

Nilimwapia kwamba ni mimi. Niliapa kwa Mungu, nikaapa kwa watoto wetu, nikamweleza bodi ilivyolia nilipoigonga na mahali nilipokaa kulia. Kila niliposema aliitikia, "Sawa, mama watoto, sawa," kwa ile sauti ya upole ambayo mimi nimekuwa nikimwitikia tangu augue.