Kitoweo cha Jenerali na Meja

Mwaka ule serikali iliporuhusu watu binafsi kununua korosho, Anselmo wa Newala aliacha ukarani, akakodi ghala jirani na nyumba yake, akajiita mfanyabiashara. Kilichokuwa kimebaki ni ulinzi. Basi mzungu mmoja mhandisi wa visima alipomaliza mkataba wake, alimwachia Anselmo mbwa wawili wakubwa kama ndama, pamoja na maagizo: wale nyama mbichi na mifupa yake, basi. Chochote kilichopita motoni ni mwiko.

Majina yao ya kizungu yalimshinda Anselmo kutamka, akawapa mengine, Jenerali na Meja.

"Ugali unamlegeza mbwa," alimweleza mkewe, Severina. "Ukimpa ugali, akimwona mwizi anatikisa mkia."

"Na sisi mbaazi zinatukaza?"

"Wewe hulindi ghala, Mama Gasper."

Kwa hiyo kila asubuhi Severina alikwenda buchani kwa Fikirini, ng'ambo ya barabara, kununua nyama ya mbavu, kisha akarudi nyumbani kupika mbaazi. Siku ya kwanza Fikirini alipima, akafunga. Siku ya tatu aliegemeza shoka kwenye gogo.

"Mama Gasper, nyama kila siku. Kuna nini huko kwenu?"

Severina aliona haya. Angeanzaje kumwambia mtu aliyeamka alfajiri kuchinja kwa bismillahi kwamba mzigo wote unaishia kwa mbwa? "Tuna wageni," akasema.

Neno hilo likatoka buchani likaingia sokoni, likapanda lori la korosho, likateremka hadi Lukuledi, kwa mama mzazi wa Anselmo: mwanao ametajirika, kwake wanakula nyama kila siku. Bibi Dominika hakungoja aalikwe. Alifunga kitenge chake kipya, akabeba ming'oko, vile viazi vya porini, iwe zawadi, akapanda lori.

Alifika Newala asubuhi ya siku ambayo Anselmo alikuwa amealika mnunuzi mkubwa kutoka Dar es Salaam, Bwana Ashiru, aje kuona ghala na walinzi wake wenye nidhamu. Severina alikuwa amekwenda kugombania foleni ya maji. Aliporudi na ndoo kichwani, harufu ya mchuzi ilimpokea tangu barabarani, akakaza mwendo.

Bibi Dominika alikuwa jikoni, mwiko mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuta nyama imekaa tu kwenye sufuria, inzi wanaishangilia. Nimeiunga kwa nazi."

"Yote, mama?"

"Yote. Hawa mbwa wenu walikuwa wananililia miguuni, nikawapa ugali wa jana na mbaazi. Maskini, wana njaa!"

Severina alichungulia uani. Jenerali alikuwa ameingiza kichwa chote ndani ya sufuria ya mbaazi. Meja alikuwa akisubiri zamu, mkia ukipiga ukuta.

Kabla hajapata la kufanya, Anselmo aliingia na mgeni. Bibi akawaketisha, akapakua. Bwana Ashiru alionja, akafumba macho, akasema hata pwani hajala mchuzi kama huo. Anselmo alikula kwa furaha, mpaka alipokumbuka kwamba saa ya kumwonyesha mgeni mbwa wakila imefika. Akamwinamia mkewe.

"Nyama ya mbwa iko wapi?"

"Unaitafuna," Severina akanong'ona.

Wote wawili walinong'ona vibaya. Bwana Ashiru alisimama, tonge mdomoni, macho yamemtoka. Kisha tonge likatoka pia.

"Nimelishwa mbwa!"

"Hapana, ndugu yangu!" Anselmo akaruka. "Si nyama ya mbwa. Yaani ni ya mbwa, lakini ni ya ng'ombe. Ni nyama ya ng'ombe ya mbwa!"

"Ng'ombe wa mbwa ni mnyama gani huyo?"

Severina aliona mumewe anazidi kuzama, akatoka mbio hadi buchani. Alirudi na Fikirini, aproni ina damu, kofia ya kufuma kichwani.

"Wallahi, ni ng'ombe," Fikirini akaapa. "Nimemchinja kwa mkono huu. Kila siku namuuzia mama huyu kwa ajili ya wageni wake." Akatazama huku na huku. "Wako wapi hao wageni?"

Uani, Jenerali alibweka mara moja.

Fikirini alielewa. Alivua kofia, akaivaa tena. "Mama Gasper! Nawachagulia mbavu nzuri, mwalimu wa shule namuuzia shingo! Si mngesema? Mapupu natupa kila siku!"

Bwana Ashiru alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, akaketi tena, akavuta bakuli lake. Aliyekuwa hacheki ni Bibi Dominika.

"Anselmo."

"Naam, mama."

"Mimi Lukuledi nakula kisamvu. Mkeo hapa anakula mbaazi. Mbwa wanakula mbavu?"

"Mama, ni maagizo ya kitaalamu. Wasipokula hivyo watalegea."

"Basi mapupu ya Fikirini ndiyo yao, na mifupa wapewe mibichi, mzungu asije akasononeka huko kwao. Mbavu zinapita jikoni. Mimi nipo hapa mpaka korosho ziishe, nitasimamia."

Anselmo aliinamia bakuli lake. Bwana Ashiru akaomba aongezwe mchuzi.

Jikoni, Severina aliinama juu ya vyombo, mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokuwa amekizuia muda wote, machozi yakimtiririka. Bibi Dominika alimkuta hivyo, akadhani analia, akamwekea mkono mgongoni.

"Nyamaza, mwanangu. Baba yake mumeo alikuwa hivyo hivyo. Ila yeye alifuga njiwa. Alikuwa akiwapikia wali."