Swali la Saba: Mume Yuko Wapi

Joska alikuwa na hasira tangu asubuhi, na hasira ya mtu aliyekunywa chai bila sukari haichezewi. Mwaka huo wa sabini na sita sukari ilikuwa adimu Kampala kuliko mwanajeshi mpole. Ndiyo maana kila alipoingia ua wa mtaa wa Kamwokya na penseli yake ya chuo kikuu, watu walidhani anaandikisha mgao wa sukari. Nyumba ya watu wanne ikawa ya watu tisa. Mzee mmoja alimwandikisha jogoo kuwa ni shemeji yake.

"Hesabu haidanganyi," Daktari Wahabi, mwalimu wao wa sosholojia, alikuwa amewaambia Joska na wanafunzi wenzake alipowagawia hojaji. "Usieleze, usijadili. Uliza, weka alama, nenda."

Swali la saba liliuliza mume yuko wapi. Chini yake visanduku vinne: yupo, amekufa, mmeachana, amesafiri.

Kavugho, Mzaire wa Butembo ambaye majirani walimwita Mama Séraphine, alikuwa akichambua dagaa wa kuuza.

"Mama Séraphine, baba watoto yuko wapi?"

"Amesafiri!" Kavugho alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu. Joska akainamisha penseli. Mkono wenye magamba ya dagaa ukamdaka. "Usiandike ile," mama akanong'ona.

"Si umesema mwenyewe?"

"Nimesemea masikio ya hapa. Augustin hakusafiri, dada. Wale wa serikali, wa miwani ya jua, walimutia mu buti ya gari, watoto wanaona. Kandambili yake moja ilibaki hapa mlangoni. Sasa mama yake kule Butembo anasema bwana amenikimbia sababu ya mudomo yangu, anataka kuninyang'anya watoto. Na weye uandike amesafiri? Utakuwa shahidi yake!"

"Basi niandike amekufa?"

"Weye umeona maiti?"

"Niandike wamemchukua?"

"Unataka na miye wanichukue?"

"Sasa niandike nini, mama?"

"Weye ndiye umesoma. Tafuta."

Joska akatafuta. Kisanduku cha tano hakikuwepo, akaacha swali wazi. Lakini alipofika barabarani miguu ilikataa kwenda. "Amesafiri" ngapi alikuwa amezitia alama wiki nzima, nyumba kwa nyumba, bila kushtuka? Hata mama yake mzazi, kule Bugolobi, alikuwa akisema hivyo hivyo juu ya Oloya, kaka yake Joska, akiutazama mlango. Kila mama alidhani mkosi ni wa nyumba yake peke yake. Wakasafiri wote, mtaa mzima, kama mbayuwayu!

Akarudi alikopita, mkononi kifutio, mdomoni swali moja ambalo Daktari hakumpa: "Aliaga?"

Maana mtu wa kwetu hafungi safari bila kuaga. Hata mwizi wa kuku humuaga mkewe. Wachache walisema ndiyo, aliaga, akaacha na hela ya mboga. Waliobaki walitikisa kichwa tu, na Joska akafuta alama.

Daktari Wahabi alipoona karatasi alipanda mori.

"Swali la saba limeoza! Zaidi ya nusu ya nyumba hazina jibu!"

"Ndilo jibu lenyewe, Daktari."

"Upuuzi! Mimi naandika juu ya wanaume wanaofuata kazi mbali. Hawa nitawaweka kwenye amesafiri."

"Wanafuata kazi na kandambili ya mguu mmoja?" Sauti ya Joska ilipanda. "Mama mmoja akilia, mtasema mumewe mzinzi. Nusu ya mtaa je? Mimi mwenyewe sikuliona mpaka nilipojumlisha. Hesabu yako ina nguvu, mwalimu, ndiyo maana inaniuma ukiitumia kufukia watu!"

Daktari akafunga mlango, akachungulia dirishani. "Unataka nife, binti?"

"Usiandike sababu. Andika hawakujibu. Nani atakamata nafasi tupu?"

Shati la Daktari lilikuwa limelowa kwapani. Hatimaye aliandika kwenye jedwali, "Hawakujibu", na hesabu yake mbele, kubwa kuliko zote. Kisha, kwa herufi za sisimizi, akaongeza chini yake: kasoro ya mhoji.

"Ili nilale kwangu," alisema bila kumtazama. "Na usirudi tena kwenye kazi hii."

Joska angeweza kulipasua jedwali lile. Akakumbuka hesabu iliyomo, akaibamiza milango yote njiani badala yake.

Kavugho alikuwa pale pale kwenye dagaa. "Wameandika nini?"

"Kwamba mimi sijui kazi."

Mama akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Na Augustin?"

"Hakusafiri."

Kavugho akafunga dagaa kwenye gazeti lenye picha ya gwaride, akamsukumia.

"Kula, dada. Chumvi iko. Sukari, uliza serikali yako."