Taa Mbili za Berthe

Tangu aanguke na pikipiki wakikimbia vita huko Mangina, jicho moja la Berthe lilipinda, akawa akiona kila kitu viwili. Sindano mbili, nyuzi mbili, na mshonaji hawezi kushona hewa. Cherehani yake ilikaa mwaka mzima imefunikwa kitenge huko Butembo, na wateja wakahamia kwingine. Daktari Stanislas alipotoka Beni kuja kupasua misuli ya macho kwa wiki moja, Berthe alijua nafasi ni hiyo au basi tena.

Walimganzisha jicho kwa matone tu, asilale, maana daktari alihitaji maneno yake. Akiumia, aseme. Kabla ya kufunga uzi wa kushikiza msuli wangemkalisha atazame taa ya darini, aseme ni ngapi, ili uzi ukazwe au ulegezwe. Victoire, muuguzi, alimweleza hayo mara tatu.

Lakini nani amewahi kumfundisha mwanamke wa kwetu kulalamika? Berthe alizaa watoto wanne bila kupiga kelele, na mama mkwe wake, Kavugho, anamsifia hadi leo. Msuli ulipovutwa, maumivu yalishuka mpaka tumboni, kichefuchefu kikampanda, moyo ukapiga polepole mno. Akanyamaza. Mashine ya kupima moyo ndiyo iliyomsemea: ikalia, daktari akauachia msuli, akangoja, jasho likimtoka. Berthe akaona aibu kumsumbua mtu mkubwa.

Wakamkalisha.

"Maman Berthe, unaona taa ngapi?"

Zilikuwa mbili. Zimekaribiana, lakini mbili. Kusema hivyo ni kumwambia daktari kazi yake mbaya, na msuli ungevutwa tena.

"Moja, docteur."

"Sema kweli, maman. Hatuyafunga uzi bado."

"Ni moja tu. Aksanti."

Uzi ukafungwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Berthe hakungoja hata kifo.

Daktari akarudi Beni, na barabara ya huko haipitiki tena kwa risasi. Majirani walikuja kutazama, wakasifu jicho lilivyonyooka. Kavugho akaleta kitambaa cha sare ya kanisa, akataka ashonewe wa kwanza. Berthe akakaa kwenye cherehani mbele yao, akalamba ncha ya uzi, akaupeleka tunduni. Ukapita hewani. Akajaribu tena.

"Unaona muzuri sasa?" Kavugho akauliza.

Berthe akaifunika sindano kwa kiganja, machozi yakimlenga.

"Naona moja tu, maman," akasema, akaendelea kulitafuta tundu kwa kupapasa.